Sheria Isiyobandikwa Ukutani



Katika mikutano ya matawi yetu kuna neno moja ambalo halikosi kusemwa: "Wafanyakazi hawasikii." Tumewaambia wavae barakoa wakati wa kupiga dawa, hawasikii. Tumewaambia wasikubali kupunjwa kilo kwenye mizani wakanyamaza, hawasikii. Kisha viongozi hurudi nyumbani wakiamini kwamba shida ni ujinga wa mtu mmoja mmoja. Mimi nasema sivyo. Tunasema na mtu, kumbe anayeamua si mtu bali ni kikosi anachofanya nacho kazi.

Iko elimu nzima inayochunguza mambo haya. Huitwa sosholojia, yaani elimu ya jamii, na jina hilo lilianza kuenezwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830. Wengi wetu tukilisikia tunadhani ni jambo la vyuo vikuu. Lakini swali lake analijua kila aliyewahi kufanya kazi ya kipande: kwa nini mtu akiwa peke yake hufanya hivi, na akiwa na wenzake hufanya vile?

Tazameni kisa cha kiwanda cha Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago huko Marekani. Kilikuwa kikitengeneza mitambo ya simu. Kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932 wachunguzi waliwaweka wanaume 14 katika chumba kimoja: 9 wa kufunga nyaya, 3 wa kulehemu na 2 wakaguzi. Mchunguzi mmoja alikaa humo humo akiandika alichokiona. Malipo yalipangwa hivi: kikosi kikitoa kazi nyingi zaidi, kila mmoja apate zaidi. Kwa hesabu ya ofisi, basi, kila mtu angejitahidi mpaka nguvu zimwishe.

Haikuwa hivyo. Wafanyakazi wenyewe walikuwa na kipimo chao cha kazi ya siku, mitambo miwili kwa kila mfunga nyaya, na walipokaribia kipimo hicho walipunguza mwendo. Hakuna aliyekuwa amekibandika ukutani. Aliyekizidi alipewa majina ya kumdhihaki. Aliyezembea mno naye alihesabiwa kuwa anakula jasho la wenzake. Aliyepeleka maneno kwa msimamizi alichukiwa vilevile. Na asiyeelewa kwa maneno alipigwa ngumi moja ya mkono, karibu na bega, kama mchezo, lakini ujumbe ulifika.

Wachunguzi waliwapima pia akili na wepesi wa vidole. Aliyekuwa akitoa kazi ndogo kuliko wote katika chumba kile ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa akili, na kwa wepesi wa vidole alikuwa wa tatu. Kwa hiyo mtu mwenye uwezo alikuwa akifanya kidogo, na si kwa uvivu. Nafasi yake kati ya wenzake ndiyo iliyopima kazi yake.

Hapa sina budi kuweka neno langu. Uchunguzi ule ulifanyika ndani ya kampuni, na walioandika habari zake walisema kwamba hofu ya wafanyakazi, kwamba wakizidisha kazi bei ya kazi itashushwa, haikutokana na hesabu wala na jambo lililokwisha kuwapata. Sikubaliani nao. Miaka ile uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na watu walikuwa wakiachishwa kazi kwa maelfu. Chumba chenyewe kilifungwa kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Mchumaji chai yeyote anajua kwamba mmoja akileta kilo za kushangaza leo, kesho kipande cha wote kitapimwa kwa mkono wake. Wale watu 14 hawakuwa na chama humo chumbani, lakini walikuwa wamejitengenezea mlango wa chama bila kuambiwa na mtu.

Hata hivyo tusikisifu kikosi kupita kiasi. Jirani zetu wa Zambia wana kisa kingine, kilichoandikwa na mtaalamu Bruce Kapferer mwaka 1969. Kilitokea katika kiwanda cha zinki cha mgodi wa Kabwe, ambao ulifungwa mwaka 1994. Wafanyakazi walikuwa wakibandua zinki kwenye mabamba. Mzee mmoja alimkemea kijana kwamba anafanya kazi upesi mno. Kijana akakasirika, na katika maneno yao ukaingizwa hata uchawi. Wenzao wengi wakawa upande wa mzee. Kapferer alipochunguza aliona kwamba haikutosha kuuliza nani ana haki. Mzee alikuwa na watu: wenzake wa maongezi, wa utani, wa kusaidiana. Kijana hakuwa nao wa kutosha. Hukumu ilifuata urafiki.

Nami sina la kuwacheka watu wa Kabwe, maana nimekaa katika kikosi cha namna hiyo. Nilikuwa mpiga dawa katika shamba moja la miwa. Tulibeba bomba mgongoni tangu alfajiri, na jioni macho yalikuwa mekundu na kichwa kinagonga. Chama kilidai barakoa na glavu, kikabishana na mwajiri muda mrefu, mwisho zikaletwa. Tangazo likabandikwa ofisini. Siku ya kwanza aliyevaa alikuwa kijana mmoja tu, mgeni katika kikosi. Kabla hatujafika mwisho wa mstari wa kwanza alikwisha pata jina: Bibi Harusi, kwa kuwa alijifunika uso. Akiomba maji anaambiwa bibi harusi hanywi mbele za watu. Siku ya nne barakoa ilikuwa mfukoni mwake, na tukampokea vizuri sana, tukamgawia na sigara.

Hakuna aliyemshika mkono wala nyapara hakumkataza. Nilicheka pamoja na wengine, nami nilikuwa nikikohoa kila usiku.

Kama mwakilishi wetu angekuja akamhutubia kijana yule peke yake juu ya hatari za dawa, angepoteza wakati wake. Kijana alikuwa anajua kuliko sisi sote. Alichokosa ni wenzake wawili watatu wa kuvaa naye.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili mtaalamu Kurt Lewin alijaribu jambo la namna hii huko Marekani. Serikali ilitaka akina mama wapike moyo na figo za wanyama, vyakula walivyovidharau. (Kwetu figo hugombewa, lakini kila watu na desturi zao.) Baadhi yao walihutubiwa vizuri na mtaalamu wa chakula. Wengine walikaa katika vikundi, wakazungumza wenyewe juu ya ugumu wake, kisha wakainua mikono mbele ya wenzao kwamba watajaribu. Katika waliohutubiwa, 3 tu kwa kila 100 walipika. Katika waliokaa na kuamua pamoja, walikuwa 32 kwa kila 100. Habari za chakula walipewa wote. Walioinua mikono walijua kwamba na jirani ameinua wake.

Kwa hiyo naomba tawi libadili utaratibu. Badala ya tangazo la ofisini, mwakilishi aende kwa kila kikosi wakati wa chai, aketi chini pamoja nao. Kwanza amtafute yule ambaye akicheka wote wanacheka. Mara nyingi huyo si nyapara, ni mzee fulani wa kikosi asiye na cheo chochote. Ajadiliane naye, amsikilize hata akilalamika kwamba barakoa inamkaba pumzi kwenye jua, maana ni kweli inakaba, na huenda tukalazimika kudai saa za kupiga dawa ziwe za asubuhi peke yake. Kisha kikosi kiamue chenyewe, kwa mikono juu.

Kwetu tumejaribu hivyo kwa vikosi viwili. Kimoja kinavaa sasa, na asiyevaa ndiye anayepewa jina. Cha pili bado. Mzee wao alituambia amepiga dawa miaka yote bila kitambaa puani na hajafa, vijana wakacheka, tukaondoka. Jumatatu tunarudi kuketi naye.