Hifadhidata Ihame Kadi

Mvua za alasiri zikianza Njoro na Molo, stima hupotea bila hodi, na hapo ndipo Raspberry Pi inayotunza hesabu za duka la pembejeo huumbuka. Kosa si la kompyuta. Kadi ya SD inayotumiwa kama diski yake ilibuniwa kwa ajili ya kamera na vifaa vya mkononi, si hifadhidata inayoandika mchana kutwa; huchakaa kadiri inavyofutwa na kuandikwa upya, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huharibika. Basi hifadhidata ya MariaDB ihamie SSD ya nje: zima huduma kwanza, nakili folda ya /var/lib/mysql pamoja na umiliki na ruhusa zake, kisha ubadilishe njia kwenye faili ya mipangilio. Diski itambulishwe kwa UUID, yaani kitambulisho chake cha kipekee, si kwa sda, jina linaloweza kuhama ukichomeka flashi nyingine. Wapo wanaokimbilia diski kuukuu ya kuzunguka kwa sababu ya bei. Mimi siipendi hata kidogo. Milango yote minne ya USB ya Pi 4 hugawana ampea 1.2 tu, na diski ikikosa nguvu ya kutosha hujikata katikati ya mauzo. Nakala ya akiba nayo bado inahitajika, tena isikae kwenye SSD ileile.