Dona, Maharage na Miguu Yako

Wengi hudhani afya hununuliwa buchani. Mimi nilijaribu siku 30 bila nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nilikula ugali wa dona, maharage, mchicha, karanga na papai. Kila jioni nilitembea kwa haraka nusu saa. Fedha ya kitoweo ilibaki mfukoni, na choo kigumu kilichonisumbua kikaisha.

Kwa nini dona? Kukoboa mahindi huondoa kiini na pumba, penye vitamini na nyuzinyuzi. Tunalipa mashineni, kisha chakula bora tunawapa kuku! Ila mahindi au karanga zenye ukungu zitupwe; huwa na sumu iharibuyo ini. Kamulia mboga ndimu, mwili upate madini ya chuma. Chai inywe baadaye.

Jirani yangu mjamzito alitaka kuniiga. Nilimkataza. Mimea haina vitamini B12 ya kutosha. Mjamzito, anyonyeshaye na mtoto mdogo wasiache dagaa, mayai au maziwa.

Wewe mtu mzima mwenye afya, anza na dona wiki hii. Weupe wa sembe si heshima. Heshima ni afya.