Karafuu, saratani na vilima vya Shimba

Kiwayu, kama kwingineko pwani, jino likianza kuuma usiku hutafutwa mafuta ya karafuu. Kipamba huchovywa, hubanwa kwenye jino bovu, na muda si mrefu ganzi huingia. Si imani tupu: eujenoli, kiini kikuu cha mafuta hayo, hutumiwa na madaktari wa meno pia. Kiungo kilichokwisha kukutuliza jino huaminika upesi kikitajwa kwa maradhi makubwa, na siku hizi kinatajwa kwa saratani.

Madai hayo hayakuzuka hivihivi. Nchini Cameroon, Victor Kuete na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dschang wamechunguza viungo vya Kiafrika kwa miaka mingi na kuona baadhi ya dondoo zake zikiua seli za saratani. Lakini seli hizo zilikuwa katika visahani vya maabara. Mtu akinywa mafuta, ini huyavunjavunja kabla hayajafika kwenye uvimbe, na akizidisha kipimo, ini lenyewe huumia. Wapo watoto wadogo walioharibika ini kwa kunywa mafuta ya karafuu.

Umbali ulioko kati ya mmea na dawa, pwani ya Kenya inaujua kuliko wengi. Mwaka 1972 Morris Kupchan wa Marekani alitangaza maitansini, kemikali kali iliyotoka kwenye mimea ya jamii ya Maytenus. Miaka hiyo ya 1970 zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills, Kwale, kwa ajili ya majaribio ya Wamarekani. Mimea mikubwa ilifyekwa. Waliporudi kutaka zaidi, waliipata kwa shida. Na dawa yenyewe? Iliwaumiza wagonjwa kupita faida yake, ikawekwa kando. Ni baada ya wataalamu kuifunga kemikali jamaa yake kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli zenye protini ya HER2 ndipo jamaa huyo ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kutibu aina moja ya saratani ya matiti. Miaka 41, na hiyo ni kemikali iliyofaulu.

Kwa hiyo anayeuza kichupa cha mafuta ya karafuu leo akisema kinaponya saratani anauza kitu ambacho hakijasafiri hata robo ya njia hiyo, na azuiwe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa wanawake wenye saratani ya matiti ambayo haijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, walikabiliwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tano ya waliotibiwa hospitali.

Marufuku peke yake haitoshi, hasa visiwani. Mwanamke wa Kiwayu akipapasa kivimbe kwenye titi, mbele yake kuna boti hadi Lamu, kuvuka hadi Mokowe, kisha basi la kwenda Mombasa. Kichupa humfuata nyumbani. Kaunti ikitaka kukishinda, impelekee uchunguzi kwa boti na kumlipia nauli ya rufaa. Watafiti nao wakija kuchukua mimea, mkataba wa mgao wa faida utiwe saini kabla panga halijagusa shina. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya, inayolinda mgao huo, mwaka 2014, na Shimba Hills ilivunwa kabla ya ulinzi huo kuwapo.