Taa ya injini haizibwi kwa selotepu

Leo tuache kidogo habari za bumu na test. Hapa kampasi wenye vigari wameongezeka, sisi wengine tunadandia lifti, na kuna tabia moja naipinga: taa ya injini ikiwaka, mtu anabandika selotepu juu yake. Ukimuuliza, "gari si linatembea bwana!"

Wakati mwingine taa hiyo inasemea mvuke wa petroli. Petroli kwenye tenki inatoa mvuke muda wote, hasa juani. Mvuke huo hautakiwi kutoka nje. Unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo lenye mkaa unaounasa, halafu injini ikiwa inafanya kazi, valvu inafunguka na mvuke unavutwa kwenda kuchomwa. Wala si mambo ya juzi: California ililazimisha mfumo huu kwa magari ya mwaka 1970, Marekani nzima ikafuata kwa yale ya 1971.

Mfumo ukiharibika utajuaje? Gari linanuka petroli, hasa likiwa limesimama. Linasumbua kuwaka ukishajaza mafuta tu, hapo huenda valvu imekwama wazi. Ukiwa sheli, pampu inakatakata wakati tenki bado halijajaa, yaani njia ya hewa imeziba. Fundi akipima kwa mashine, P0442 ni uvujaji mdogo, P0455 ni mkubwa. Ila si kila gari linaweza kujipima, kwa hiyo taa isipowaka usijidanganye. Amini pua yako.

Najua mtasema fundi atatukamua. Sawa, anza na vya bure. Kaza mfuniko wa tenki mpaka ulie, na uangalie kama mpira wake umepasuka. Ukikaza, taa inaweza kuchukua siku kadhaa kuzima yenyewe, usikate tamaa. Na pampu ikikata, acha! Ile ya "ongeza ifike elfu kumi kamili" inaingiza mafuta kwenye kopo la mkaa na kuliua.

Lakini harufu ikiwa kali, au ukiona majimaji chini ya gari, hapo si suala la mfuniko tena. Zima, shukeni, mwite fundi. Cheche moja inatosha. Hata bila moto, petroli ina benzini, na benzini inasababisha saratani. Sasa fikiria watu watano ndani, vioo juu, mnaenda zenu mjini mnavuta hiyo kitu.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mtoto akinyoosha kidole, unamsikiliza kwanza. Humfungi mkono ili darasa lionekane limeelewa. Selotepu kwenye dashibodi ndiyo hiyo hiyo. Na wewe unayepewa lifti, ukisikia harufu sema. Bora uitwe mnoko.

Mnaonaje wenzangu?