Butembo: Masitiki haiponyeshi lori lililoliwa na kutu

Katika parseli nyingi za Butembo, lori la zamani halitupwi. Fuso iliyoingia nchini ikiwa tayari imezeeka inapandishwa juu ya mawe na mbao, inatolewa milango, na mafundi wanaanza kugonga. Hakuna aibu hapo: gari jipya ni la wachache. Shida ni kazi inayofanywa mbiombio siku mbili kabla ya safari ya Kasindi. Msasa kidogo, masitiki juu ya kutu, rangi ya bluu, maandishi mapya juu ya kioo, basi.

Masitiki ni ya kusawazisha bati zima. Ikipakwa juu ya kutu, inanyonya unyevu na kutu inaendelea kula chini yake. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana rangi inavimba kama lengelenge. Hapo mwenye lori analalamika kwamba ameibiwa. Fundi anajibu kwamba alilipwa pesa ya masitiki, si ya bati. Mara nyingi fundi ndiye mwenye haki.

Kazi ya kweli inaanza kwa kukata hadi bati linapong'aa, hata kama tundu la ukubwa wa kizibo cha chupa litageuka kuwa kama sahani. Kwa kiraka, wengi wanachukua bati la kuezekea nyumba kwa sababu ndilo liko karibu. Ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoweza kumlaza fundi na homa usiku huohuo. Bati la pipa la mafuta ni nene zaidi na linafaa. Lakini pipa ambalo halikusafishwa vizuri linaweza kulipuka likikutana na moto, hata kama linaonekana tupu. Betri inafunguliwa kwanza, na maji yawe karibu. Kisha fundi anachomelea nukta moja hapa, nyingine mbali, bati lipate kupoa. Anayevuta mstari mmoja kwa haraka atapata mlango uliojikunja.

Tena kuna vitundu vya kutoa maji chini ya kila mlango. Matope ya barabara ya Beni–Kasindi yanaviziba, maji yanabaki ndani, na bati linaoza kutoka upande usioonekana. Shofere na msumari wake wanaweza kuzuia hayo bila kulipa mtu.

Mlango uliooza ni sura mbaya tu. Chasi, sakafu ya kabini na vishikio vya kabini ni maisha ya watu. Juu ya magunia ya muhogo na mbao wanakaa mama wa soko na watoto wao, kwa kuwa hawana gari lingine. Kwenye vizuizi, karatasi zinaangaliwa na pesa inatoka. Ni nadra kumwona mtu analala chini ya lori na nyundo ndogo mkononi. Kumbe kipimo ni rahisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa.

Vyama vya mashofere vingeweza kudai kipimo hicho kabla lori halijapakwa rangi, si baada. Na chasi iliyotoboka isichomelewe nyumbani hata siku moja. Hiyo inapelekwa kwa fundi wa chasi, na patroni alipe, au lori libaki juu ya mawe.