Oili ya Hilux si oili ya IST

Mzazi mwenzangu, wiki hii nilipanga kuandika juu ya sare za shule, lakini swali moja limenijia kwa midomo tofauti tangu Jumatatu: tumenunua gari la mtumba, tuweke oili gani? Najua ukurasa huu ni wa familia, si wa gereji. Ila kwa sisi tunaoishi Ifakara huku mashamba yakiwa Mngeta au Mlimba, gari ni mwanafamilia. Ndilo linalopeleka mgonjwa, ndilo linaloleta mpunga, na likifa ndilo linalokula ada. Nami nina sababu yangu ya kulijibu swali hili.

Nyumbani tuna magari mawili. La kwanza ni Hilux ya dizeli ya 1994, ya baba watoto, ambayo siruhusiwi kuisema vibaya. La pili ni IST ya 2005, langu, tulilolinunua kwa mkopo. Baba watoto, kwa nia njema kabisa ya kubana matumizi, alinunua ndoo ya oili ya lita 20, nzito, 20W-50, akasema hii itatosha kote. Tukaiweka kote. Fundi wetu wa wakati ule naye akatusaidia kubana: aliifungua filta, akaifuta kwa nje kwa kitambaa, akasema bado nzima, akairudisha. Akafanya hivyo na mara iliyofuata. Nilimwona na sikusema kitu, maana ulikuwa mwezi wa ada.

Mwaka jana wakati wa mavuno tulikuwa shambani Mngeta, mtoto wetu wa mwisho akapandisha homa usiku mpaka akaanza kutetemeka. Hilux ilikuwa imebaki mjini. Tukamfunga kitenge, tukaingia kwenye IST. Tumeshapita Mbingu, tunakaribia Idete, ikawaka kwenye dashibodi ile taa nyekundu yenye umbo la birika. Baba watoto akasema, "Tumeshakaribia, twende hivyo hivyo." Nikamwambia, "Zima." Tukabishana pale gizani, mtoto mapajani. Hoja yangu ilikuwa moja tu: injini ikikaba, gari halifiki na mtoto hafiki. Akazima. Tulisimama kama dakika ishirini mpaka likatokea lori la mpunga, nikapanda na mtoto, yeye akabaki na gari. Ilikuwa malaria, akatibiwa, na kesho yake mchana alikuwa anadai chapati.

Gari lilivutwa mpaka gereji nyingine, kwa mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alipofungua sampu alituita tuone. Kulikuwa na tope jeusi, zito, kama lami iliyolainika kwa jua, na ule wavu ambao pampu inanyonyea oili ulikuwa umezibwa karibu wote. Oili ilikuwemo, lakini haipandi juu. Akasema kama tungeendelea kilomita chache tu, tungekuwa tunatafuta injini nyingine. Tulilipa kazi ya kusafisha, gasketi, oili na filta, na bado ilikuwa nafuu mno.

Mzee hakuilaumu ndoo peke yake. Oili nzito haiui injini kwa siku moja. Kilichotuponza ni mambo matatu yaliyokutana: uzito usiofaa, oili iliyokaa muda mrefu kupita kiasi, na filta iliyokwisha kazi. Lakini alianza na uzito, nami nianze hapo.

Zile namba kwenye dumu, tuseme 5W-30, zinasomwa hivi. Ya kwanza inaonyesha wepesi wa oili injini ikiwa baridi. W yenyewe imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Utaniambia Ifakara hakuna baridi, na mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini kwa injini, hata asubuhi yetu ya joto ni baridi ikilinganishwa na moto inaofanyia kazi, na sekunde zile za kwanza baada ya kuwasha, kabla oili haijapanda, ndizo zinazoisugua. Kwenye IST kuna jambo la ziada: mfumo wa VVT-i, unaobadilisha majira ya valvu kufunguka, unasukumwa na oili hiyo hiyo. Ukiiwekea oili nzito, njia zake nyembamba zinachelewa kupata. Injini ya aina hii ilitengenezewa 5W-30. Magari mapya zaidi, kama Aqua na Vitz za kuanzia miaka ya 2010, mara nyingi yanataka 0W-20, oili ambayo ukiimimina unaweza kudhani umeuziwa maji. Hukuuziwa maji. Ndivyo ilivyo.

Usibahatishe. Fungua boneti, tazama kifuniko cha pale panapowekwa oili. Magari mengi ya Japani yameandikwa namba hapo hapo. Kitabu cha gari hata kikiwa cha Kijapani, namba za oili zimeandikwa kwa herufi tunazozisoma. Tazama pia pembeni mwa mlango wa dereva au ndani ya boneti, mara nyingi utakuta kibandiko cha sevisi ya mwisho kule Japani. Mwaka ukiandikwa R3 usishangae; wanahesabu kwa enzi za wafalme wao. Ukiona R, ongeza 2018, kwa hiyo R3 ni 2021. Ukiona H, ongeza 1988. Kilomita zilizoandikwa hapo zilinganishe na zinazosomeka kwenye dashibodi, na kama dashibodi inasoma chini ya kibandiko, rudi kwa aliyekuuzia mkazungumze.

Hilux yetu ni habari nyingine. Injini yake ni ya dizeli, ya zamani, imeshalika kiasi, na hapo oili ya 15W-40 ndiyo mahali pake. Kwenye dumu tafuta herufi: zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Kwa dizeli ya zamani kama yetu CI-4 inatosha kabisa; kwa petroli, SN ya 2010 au SP ya 2020 ni nzuri, na herufi ya pili ikisogea mbele ujue ni kiwango kipya zaidi. Gari kuukuu la petroli linalokula oili na kutoa moshi wa buluu, mafundi watakupandisha kwenda 20W-50. Inaweza kupunguza moshi, sikatai, lakini ringi zilizokwisha hazitibiwi na oili. Anza kuweka akiba. Na mwenye Hiace au Prado ya dizeli ya miaka ya karibuni yenye chujio kwenye bomba la moshi, asikubali oili ya dizeli ya kawaida. Hilo chujio linataka oili yenye majivu kidogo, na kulibadilisha ni gharama ya kutoa machozi.

Kuhusu kiasi: IST inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Dumu ni la lita 4. Fundi atataka kulimaliza lote asiache mabaki, mwambie aache. Oili ikizidi sana inapigwa povu, na povu halilainishi chuma. Pima kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imepumzika dakika chache.

Sasa filta, ambayo naona ndiyo tunayoidharau zaidi. Ndani ya lile kopo kuna karatasi iliyokunjwa, na kuna valvu inayofunguka karatasi ikiziba, ili injini isikose oili kabisa. Maana yake, filta iliyoziba haikupigii kelele. Inaruhusu tu uchafu upite. Kuifuta kwa nje ni sawa na kumwosha mtoto shati akiwa amemeza mchanga. Kila ukimwaga oili, badilisha filta, kila mara. Nzuri utaijua kwa uzito mkononi, mpira wake laini usio na nyufa, na ndani ya tundu la katikati karatasi au chuma kilichokaa sawasawa. Tofauti ya bei kati yake na ya ovyo haizidi kilo chache za mchele wetu wenyewe.

Eya klina nayo. Ukitoka Lupiro kwenda Mahenge wakati wa kiangazi, au ukimfuata mtu nyuma njia ya Mlimba, unajua vumbi ninalolisema. Kipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, usikioshe kwa maji kama ni cha karatasi, na kisipopitisha mwanga wa tochi, kitupe. Dizeli ya kununua kwenye madumu vijijini huwa na maji, kwa hiyo mwenye dizeli afungue kile kifuniko cha chini ya filta ya mafuta na kumwaga maji mara kwa mara.

Na Lumemo ikifurika, maji yakaingia gari, usiliwashe. Vuta kijiti kwanza. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani, na kuliwasha ni kulimaliza.

Baada ya muda gani? Toyota kwao Japani husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa petroli ya kawaida, na nusu ya hapo kwa gari linaloteseka. Magari yetu yanateseka. Mimi nafanya kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na naandika kwenye daftari lile lile la chanjo za watoto. Nunua dumu lenye alama ya TBS na muhuri usioguswa, dai risiti, kisha toboa dumu tupu kabla hujalitupa, maana kuna wanaoyaokota na kuyajaza upya.

Mwisho ni ile oili chafu. Kwetu ilikuwa inawekwa kwenye chupa ya maji, nyuma ya mlango wa stoo, kwa ajili ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Mtoto wa jirani aliifungua siku moja, bahati nzuri akamwagikia tu nguo. Mtoto akinywa, usimtapishe. Anaweza kuivuta mapafuni. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe. Ya kwetu sasa iko kwenye dumu jekundu, limefungwa, juu ya rafu, na ikijaa inarudi gereji kwa yule mzee. Mtaroni haimwagwi, mtaro wetu unaelekea kwenye majaruba ya watu. Ndoo ya 20W-50 ilibaki nusu. Baba watoto alimpa rafiki yake mwenye mashine ya kukoboa.