Kabla taa hazijarudi Kisangani, anga lipigwe picha

Umeme ukikatika Makiso, mkono wa kwanza huenda kwenye simu, tochi iwake. Wachache huinua macho. Wangeinua usiku wa Januari, mvua inapopungua, wangeona kitu ambacho wapiga picha wa anga kutoka Ulaya husafiri hadi Namibia au Chile kukitafuta: nyota zilizojaa kutoka upeo hadi upeo, hapa juu ya mji wenye watu zaidi ya milioni moja.

Giza hilo si la kusifiwa. Bwawa la Tshopo ni la enzi za ukoloni, mji umelipita. Mtoto anayesoma kwa kibatari na mama anayejifungulia gizani hawakuomba nyota. Umeme lazima uje. Swali ni nini kifanyike kabla haujaenea, na uje kwa taa za aina gani.

Kisangani iko kilomita zisizofika 60 kaskazini ya Ikweta. Kwa hiyo katika mwaka mmoja karibu anga lote hupita hapa. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, hupanda vizuri, wakati Cape Town huiona chini sana karibu na upeo. Mawingu ya Magellan, ambayo mtu wa Bruxelles hawezi kuyaona kamwe akiwa kwao, yanaonekana pia. Miji mikubwa yenye bahati hiyo ni ya kuhesabu, na mingi imekwisha kumezwa na mwanga wake yenyewe.

Kupiga picha vitu hivyo ni kazi ya subira zaidi kuliko fedha. Nuru yake ni hafifu, hivyo kamera hukusanya picha mamia za sekunde kumi kumi, kisha programu huzirundika kuwa moja. Wakati huo dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na darubini lazima ifuate. Hapo ndipo Ikweta inapodai malipo yake. Stendi za kawaida huelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini, lakini Kisangani nyota hiyo imelala kwenye upeo, nyuma ya miti na ukungu. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na haziwezi kulazwa chini kiasi hicho. Anayeagiza bila kuuliza atapoteza dola zake.

Tangu 2023 kuna njia nyepesi. Darubini ndogo kama Seestar S50 ina uzito wa kilo 2.5 hivi, ilianza kuuzwa kwa dola kama 500, ina betri yake na huongozwa kwa simu. Hutambua inakoelekea angani kwa kulinganisha nyota na ramani iliyobeba, bila kuhitaji Nyota ya Kaskazini. Paneli ndogo ya sola yatosha kuichaji. Husumbuka kitu kikifika utosini, basi mtu husubiri kishuke kidogo. Adui mkubwa ni unyevu: lenzi huota kuvu. Vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyotupwa na boksi za viatu vihifadhiwe. Wala kibanda chenye paa la kuteleza, kama wanavyojenga wenzetu wa nchi kavu, hakifai sana kwa mvua za Tshopo. Ua wa nyumba na sanduku linalofunga vizuri vinatosha.

Watasema shule hazina madawati. Ni kweli, na ndiyo maana fedha hizi zisitoke kwenye madawati. Familia chache zinaweza kuchangiana, au wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Kisangani pamoja na ndugu walio nje. Nairobi, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wanapeleka darubini mashuleni kupitia Travelling Telescope, bila kungoja serikali ijenge kituo kikubwa cha anga.

Serikali ina kazi moja, nayo haina gharama ya ziada ya maana: kuchagua taa. Taa ya barabarani isiyo na kifuniko hutupa sehemu ya nuru yake mbinguni, ambako hakuna mpita njia. Iliyofunikwa juu, yenye mwanga wa njano badala ya mweupe mkali, huangaza barabara vizuri na kuliacha anga. Wafadhili wanaoleta taa za sola waulizwe hilo kabla nguzo hazijachimbiwa, kwani zikishasimama hakuna atakayerudi kuzibadilisha.

Januari, kama saa nne usiku, nebula ya Orioni hupita karibu na utosi wa Kisangani, na Kilimia ikiwa imeitangulia upande wa magharibi. Kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako taa bado ni chache, hata simu iliyowekwa juu ya tofali kwa sekunde kumi huonyesha zaidi ya macho.